Utu Bila Salamu

Mwenzenu nipo Berlin kimasomo, wiki ya tatu hii. Ndani ya treni kila mtu na simu yake. Hakuna habari za asubuhi wala shikamoo. Kwa vipimo vya kwetu Tanga, huo si utu.

Lakini hebu tazameni hili. Tangu 2003 mnunuzi hapa hulipia kopo la soda au chupa ya plastiki juu ya bei, leo senti 25. Akiirudisha dukani, anarudishiwa. Wapo watu, wengine wazee wenye pensheni ndogo, wanaoziokota. Basi wapita njia wengi hawaitupi chupa pipani, huiweka chini, kando, ili muokotaji asichakure uchafu. Hawamjui, wala hawangojei asante.

Sasa tuulizane, vijana wenzangu: utu ni kumjulia mtu hali, au kumsitiri? Sisi maskini tunampa mkononi, tena kwa salamu, mtaa mzima ukiona. Hawa wanamfichia aibu, ila hakuna anayemuuliza kaamkaje.

Mimi naona kimoja bila kingine ni nusu. Kijerumani changu bado kibovu, lakini salamu naiweza. Mzee wa kituo chetu cha treni namwachia chupa, na kumwamkia namwamkia.