Toba Yetu na Mamlaka ya Kasisi

Mara nyingi tunasikia kati yetu swali hili: "Nitaungamaje mbele ya kasisi ambaye naye ni mwenye dhambi?"

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1215 Mtaguso wa Laterani uliamuru kila Mkristo aungame kwa padre wake walau mara moja kwa mwaka. Baadaye mshairi Mwingereza, Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alisimulia habari za mwuza vyeti vya msamaha aliyehubiri juu ya ubaya wa kupenda fedha, huku akiwanyang'anya maskini senti zao.

Nasi watu wa ziwa hili tumeyaona hayo kwa namna nyingine. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulifika Katoke, magharibi ya ziwa letu, mwaka 1939. Watu waliungama mbele ya wenzao, wakarudisha vitu vya wizi. Mwaka 1941 wanafunzi wa chuo cha Mukono, Uganda, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa baada ya kushindana na wakubwa wao. Hata hivyo walio wengi katika Uamsho hawakulihama Kanisa.

Tujifunze nini? Kwanza, Kanuni ya 26 kati ya zile 39 za Kanisa letu yafundisha kwamba ubaya wa mhudumu hauzuii neema, maana anahudumu kwa jina la Kristo. Dawa haipungui nguvu kwa kuwa mganga naye anaumwa. Lakini kanuni hiyohiyo yaagiza mhudumu mwovu achunguzwe, na akionekana na hatia aondolewe. Basi kanzu si ngao ya uovu.

Pili, kundi nalo laweza kujifanya kasisi mkali. Ndugu akishurutishwa kutaja dhambi zake mbele ya watu, hapo pana woga, wala si toba.

Tatu, mtu aweza kuiba wavu pale Mwaloni, akalia machozi kanisani Jumapili, na Jumatatu akavulia wavu uleule. Kasisi mtakatifu hatamsaidia, wala ndugu mia wakimwimbia. Zakayo alipotubu aliahidi kurudisha.

Kwa hiyo, kabla hatujauliza kama kasisi anastahili kutuondolea dhambi, na tuuangalie wavu tulio nao mkononi. Ukiwa si wetu, tuurudishe kwanza, ndipo tuikaribie Meza ya Bwana.