Mboga Hii Imetoka Wapi?

Tukiingia sokoni maneno yetu ni machache. Tunauliza bei ya fungu la lengalenga, tunaomba tuongezwe kidogo, tunalipa na kwenda zetu. Bustani yake iko wapi, na ilinyweshwa maji ya mto gani, hilo hatuulizi. Tena wako kati yetu wanaosema kuuliza hivyo ni upungufu wa imani: chakula kimeombewa, basi ule na kushukuru. Wanamtegemea Mtume Paulo, aliyewaruhusu Wakorintho kula nyama ya sokoni pasipo kuhoji.

Ni kweli aliwaruhusu. Lakini wanaofunga kitabu hapo wamekifunga mapema. Mistari michache mbele, katika sura ileile ya 10, Mtume anasema kwamba mtu akikuambia nyama ile ilitoka wapi, uiache, na uiache kwa ajili ya huyo aliyekuambia. Kumbe kutojua ni jambo moja, na kuambiwa ni jingine. Swali letu sisi wa Kasapa ni hili: je, hatujaambiwa?

Tumeambiwa, tena mara nyingi. Tanuru la shaba la Lubumbashi liliwashwa mwaka 1911, wakati wa Union Minière, na kwa miaka mingi moshi wa bomba lile kubwa ulisukumwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi. Upande ule, huko Penga-Penga, msitu ulikufa na udongo ukabaki mtupu, umejaa shaba na madini mengine. Mwaka 2009 walimu wa Université de Lubumbashi, ambao chuo chao kiko hapa hapa Kasapa, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga: waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi kuliko waliokaa mbali, na hata watoto walikuwa nayo. Mwaka 2014 uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba chakula ni njia kubwa ya kobalti kuingia mwilini, hasa mboga zinazolimwa huku kwetu, na kwa watoto mavumbi pia. Manabii hufunua yaliyofichwa, lakini jambo hili halihitaji maono. Limeandikwa na kuchapishwa.

Na kama mtu hakusoma, basi aliona. Mwezi wa 11 mwaka 2025 maji machafu ya kampuni moja ya madini yalivunja kizuizi chake yakatiririka mpaka Kasapa na mitaa jirani. Waziri wa Migodi alisimamisha kazi za kampuni hiyo kwa miezi mitatu. Miezi mitatu hupita. Udongo hauhesabu miezi kama serikali inavyohesabu.

Hapa ndipo penye ugumu, wala hatutaki kuuruka. Tukisema, "Tusinunue mboga za bondeni," tunamwadhibu nani? Mama aliyepanda matembele kando ya kijito hakuchimba shaba, wala hakujenga bwawa la asidi. Alipanda pale kwa sababu ndipo alipopata ardhi na maji, na faranga za fungu lile ndizo ada ya shule na bunga ya jioni. Yeye mwenyewe na watoto wake ndio wa kwanza kula mboga ile. Mwenye gari ataenda kwenye duka kubwa anunue mboga iliyofungwa katika plastiki, iliyovushwa Kasumbalesa kutoka Zambia, naye atajiona ana dhamiri safi. Sisi tunaiona dhamiri hiyo kuwa nyepesi mno, kwa maana imemwokoa mnunuzi peke yake.

Tumkumbuke Daudi. Alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti wakamletea. Maji yale hayakuwa na sumu. Lakini Daudi alitazama njia yaliyopitia, akaona damu ya watu ndani yake, akayamwaga mbele za Mungu. Ndugu mmoja alituuliza: si alipoteza jasho la wale watatu? Swali lake ni zuri. Tunadhani Daudi hakuwadharau. Aliwapandisha juu ya kiu yake, na tangu hapo hakuna aliyeweza kusema maisha yao ni bei ya kikombe cha maji.

Mji huu una habari nyingine ya namna hiyo, ya zamani. Wafanyakazi wa Union Minière walipewa posho, na samaki wake alitoka Kasenga, kwenye mto Luapula, akiletwa na wafanyabiashara, wengi wao Wagiriki. Samaki aliyependwa ni mpumbu, aliyepanda mto kwa wingi wakati wa kutaga mayai, na ndipo aliponaswa. Kufikia miaka ya 1950 mpumbu alikuwa ameadimika kabisa. Waliokula Elisabethville hawakuwa watu wabaya. Samaki alifika mjini, na samaki hasemi.

Kwa hiyo tuulize, lakini tuulize kama jamaa, si kama polisi. "Mama, bustani yako iko upande gani?" Akisema ni karibu na maji ya kiwanda, tusimkimbie. Kuosha mboga vizuri kunaondoa mavumbi, ingawa hakuondoi kilichoingia kwa mizizi. Tumsaidie kutafuta kiwanja kingine. Wako waumini wenye viwanja vilivyolala bure nje ya mji, nao wanajijua. Na wale wenye watoto chuoni, upande wa kilimo, wawaulize kama udongo wa bustani za waumini wetu unaweza kupimwa.

Tena tunaomba hivi: siku ya sadaka ya mavuno, kila aletaye kikapu madhabahuni ataje kwa sauti mahali mboga yake ilipoota, na mto ulioinywesha. Atakayeona aibu kutaja, aje kwanza kwa wazee, nao watakwenda pamoja naye kuiona bustani hiyo.