Je, Ni Halali Kumweka Mzazi Katika Nyumba ya Wazee?

Katika mikutano ya sharika zetu swali moja hurudi tena na tena, wala halijapata jibu: Je, yafaa Wakristo wajenge nyumba ya kutunzia wazee, hasa wale waliopotewa na kumbukumbu? Wako wasemao kwamba hiyo ni desturi ya Wazungu, na ya kwamba ampelekaye mama yake katika nyumba ya namna hiyo ameivunja amri ya nne. Wengine husema kwamba wakataao kujenga ndio waivunjao. Sisi kwa miaka mingi tulikuwa upande wa wale wa kwanza, tena tulisema kwa sauti kubwa barazani. Sasa hatuko upande huo, na yatupasa kueleza sababu.

Twaanza na jambo tuliloliona kwa macho. Katika usharika mmoja wa milima ya Usambara yuko mama mjane, ambaye zamani alikuwa mwimbaji hodari wa kwaya. Alipopita miaka 80 alianza kusahau: kwanza majina ya wajukuu, kisha njia ya kisimani, na mwisho akamwita binti yake "mama". Usiku alitoka nje kuitafuta nyumba ya baba yake, iliyobomoka zamani. Ana wana watatu wa kiume, nao wote wakaa mijini. Yule binti ndiye aliyebaki naye peke yake. Na kulima hana budi, maana asipolima hawali. Basi kila asubuhi alimnywesha mama yake uji, akamfungia ndani kwa kufuli, akaenda shambani hata saa sita.

Siku tulipokwenda kuwaamkia tulisikia sauti ya kizee yaimba ndani, na mlango umefungwa kwa nje. Mwenzetu mmoja, mzee wa kanisa, akasema, "Mungu asifiwe, angalau huyu yuko nyumbani kwake." Nasi tukaitikia amina. Hata tulipofika bondeni ndipo tulipoona haya.

Maana tuliyaitikia nini? Twasema kwamba jamaa ndiyo itunzayo wazee wetu, na neno hili ni jema. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yasema hivyo, kwamba jamaa ndiyo msingi wa matunzo, na nyumba za kutunzia ziwe njia ya mwisho. Lakini tutazame ndani ya neno lenyewe. Tusemapo "jamaa" twamaanisha nani? Mara nyingi ni mwanamke mmoja: binti asiyeolewa, au mke wa mwana, au mjukuu aliyeachishwa shule. Sisi wanaume twaketi barazani na kuisifu heshima ya Kiafrika; yeye ndiye afuaye shuka.

Zamani haikuwa hivi. Nyumba iliyoweza kumchukua kikongwe ilikuwa nyumba ya mikono mingi: wake wa ndugu, watoto wa kila umri, majirani, na daima mtu fulani amekaa uani. Wala si kwetu tu. Dk. Martin Luther na mkewe Katharina, huko Wittenberg, walikaa na shangazi yake Katharina, aitwaye Magdalena von Bora, mpaka kufa kwake mwaka 1537. Lakini nyumba ile ilikuwa monasteri ya zamani, imejaa watoto, wanafunzi, wageni na watumishi. Shangazi yule hakutunzwa na mtu mmoja aliyepaswa pia kulima. Luther huyo huyo afundisha katika Katekisimo Kubwa kwamba heshima ipitayo upendo ndiyo wapaswayo wazazi, hata wakiwa maskini na dhaifu na wenye tabia ngumu. Afundisha pia kwamba heshima hiyo hutendwa kwa mwili na kwa mali, wala haiishii maneno mazuri. Basi tukiuliza, kufuli lile ni heshima? Si heshima. Wala hatumlaumu binti. Kufuli lile tulilifunga sisi sote, na ndugu zake watatu pamoja nasi.

Hapa yafaa kuwakumbusha wainjilisti neno moja juu ya ugonjwa wenyewe. Kupotewa na akili namna hii si laana, wala si uchawi, wala si uzee mtupu, kwa kuwa wazee wengi hufika miaka 90 na akili zao timamu. Ni ugonjwa wa ubongo. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza madaktari wenzake mambo aliyoyaona katika ubongo wa mwanamke mmoja marehemu, na namna moja ya ugonjwa huu yaitwa kwa jina lake hata leo. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye maradhi ya jinsi hii mwaka 2021, na zaidi ya sita katika kila kumi wakaa katika nchi maskini na za kipato cha kati. Wasemao kwamba ni ugonjwa wa Ulaya wamekosa. Nasi twajua kwamba katika sehemu nyingine za nchi yetu vikongwe wa kike wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kwa sababu tu macho yao ni mekundu kwa moshi wa jikoni. Mama azungukaye usiku akinena peke yake yuko karibu na hatari hiyo. Mhubiri anyamazaye juu ya jambo hili ashiriki hatia.

Sasa Maandiko yasemaje? Wenye kukataa nyumba hutaja 1 Timotheo 5, ambapo mtume aagiza watoto na wajukuu wawatunze walio wao kwanza, ili kanisa lisilemewe. Ni kweli. Lakini someni mpaka mwisho wa habari ile: kanisa halilemewi kusudi liwe na nguvu ya kuwasaidia walio wajane kweli kweli. Mtume hakuandika ili tukunje mikono. Na katika Matendo 6, wajane wa Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku, mitume hawakusema, "Nendeni kwa jamaa zenu." Walitaka watu saba wachaguliwe, wakawawekea mikono, wakaipanga kazi. Wako wadhanio kwamba kupanga ni upungufu wa imani. Wasome tena sura ile.

Hata hivyo wakataao wanalo neno moja la haki, wala hatulipuuzi. Katika Marko 7 Bwana awakemea watu waliotoa mali kuwa wakfu kwa Mungu ili wapate kuwanyima baba na mama zao. Nyumba ya wazee yaweza kuwa Korbani ya siku hizi. Mwana aliye Dar es Salaam atatuma fedha kwa simu kila mwezi, dhamiri yake itulie, asimwone mama yake tena hata siku ya maziko. Tukijenga nyumba ya kuwasaidia wana kusahau, basi tusijenge. Kwa hiyo twashauri iwe sharti, iandikwe katika kanuni: mtoto ampelekaye mzazi haachiliwi wajibu wake. Atakuja kwa siku zilizowekwa, aketi, amlishe kwa mkono wake. Na asipokuja, mchungaji amfuate kama amfuatavyo mtu aliyeiacha meza ya Bwana.

Tena si kweli kwamba jambo hili ni geni kabisa kwetu. Theodor Fliedner alianzisha nyumba ya madiakonisa huko Kaiserswerth mwaka 1836. Bethel, karibu na Bielefeld, ilianza mwaka 1867 kwa ajili ya wenye kifafa, na kutoka huko Usambara ilipata wamisionari. Pale Lutindi, palipojengwa mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani, wagonjwa wa akili walianza kupokewa miaka michache baadaye, na kazi za mikono na za shamba zilihesabiwa kuwa sehemu ya dawa. Babu zetu waliona mambo hayo, wala imani yao haikuharibika.

Lakini nyumba gani? Hapa twaomba subira, maana ndipo mipango mingi ipoteapo. Mtu akisikia "nyumba ya wazee", mara huwaza bati, saruji na jiwe la msingi lenye jina la askofu. Ukuta ni kazi rahisi. Kazi ngumu ni usiku. Juma lina saa 168. Sheria yetu ya kazi ya mwaka 2004 humpa mtumishi saa 45 za kawaida kwa juma. Basi ili mtu mmoja tu awe macho daima, mchana na usiku, wahitajiwa karibu watumishi wanne. Na wakiwa wawili daima, wanane, kabla hatujamtaja mpishi wala mwuguzi. Wafadhili hupenda kujenga. Kulipa mshahara wa mlinzi wa usiku katika mwaka wa saba hawapendi. Bwana alimtaja mtu ajengaye mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Nasi tumehesabu, na twakiri kwamba usharika mmoja hauwezi peke yake. Ni kazi ya jimbo zima, au zaidi.

Na iwe ndogo. Huko Weesp, Uholanzi, mwaka 2009 palifunguliwa kijiji cha wenye ugonjwa huu, De Hogeweyk, ambacho wakaao humo hugawanyika katika nyumba ndogo, kila moja na jiko lake, na hutembea nje wapendavyo ndani ya mpaka wa kijiji. Gharama zake hatuziwezi, lakini wazo lake si geni kwa Mwafrika: ni ua, jiko, na mahali pa kuzunguka pasipo kupotea. Ngazi zisiwepo. Choo kiwe karibu, kionekane kitandani, taa isizimwe. Na watumishi wajue lugha ya nyumbani, maana wagonjwa hawa mara nyingi husahau lugha waliyojifunza baadaye. Kizee aliyepotewa na Kiswahili asemeshwe Kishambaa.

Kabla ya hayo yote liko jambo liwezekanalo mwaka huu, pasipo saruji: chumba kimoja kando ya kanisa, ambapo wazee kama hawa watakaa tangu asubuhi hata alasiri, wakilindwa kwa zamu, ili atunzaye aende shamba. Katika usharika tuliousimulia wamekwisha anza. Wanawake wa Umoja wamegawana siku, na wanaume, baada ya maneno mengi, wamechukua Jumanne. Ndugu watatu wa mjini waliandikiwa barua, mmoja amekuja. Binti alipoulizwa ni msaada gani mwingine autakao, hakutaja fedha. Alisema ataka kulala usiku mmoja mpaka kupambazuke. Kwa neno hilo bado hatuna jibu, nalo limeandikwa kuwa la kwanza katika mkutano ujao.