Mbwa Aliuawa, Nzi Akabaki Uani

Teresina, makao makuu ya jimbo la Piauí kaskazini mashariki mwa Brazil, husifiwa kwa miti yake. Katika nyua nyingi utakuta mwembe, banda la kuku kivulini, na mbwa kajilaza mlangoni. Ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1970 ulipokausha mashamba, watu wa vijijini walifunga virago wakahamia pembezoni mwa mji na mifugo yao. Siwalaumu. Aliyekimbia njaa haachi kuku wake nyuma.

Kalaazar ilihesabiwa kuwa maradhi ya shamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikalipuka Teresina, na katika miaka michache ikawapata watu karibu 1,000, wengi wao watoto. Mtoto hushikwa na homa isiyokatika wiki baada ya wiki; mikono na miguu hukonda huku tumbo likijaa upande wa kushoto, penye wengu. Asipotibiwa, ni nadra sana kupona.

Anayeeneza ni nzi wa mchangani, mdogo kuliko mbu, asiye na mlio. Hutoka giza linapoingia, na ni jike pekee anayefyonza damu. Ukimwaga maji yaliyotuama hujamgusa: hutaga kwenye udongo wenye unyevu, penye majani yanayooza, maembe yaliyodondoka na mavi ya kuku. Kuku hapati ugonjwa, ila damu yake humshibisha nzi. Vimelea vya kalaazar hutoka kwa mbwa, ambaye mara nyingi huonekana mzima kabisa.

Serikali ikapuliza dawa majumbani, ikapima mbwa, na waliokutwa na maambukizi wakauawa. Uchungu wa kisa hiki uko hapa. Nyumba iliyopoteza mbwa ilileta mwingine mdogo baada ya muda si mrefu, mwenye mwili usiojua ugonjwa, akafungwa chini ya mwembe uleule ambao uchafu wake haukuzolewa. Naye akaumwa na nzi. Katika miaka ya 1990 kalaazar ilikuwa imefika Belo Horizonte, mbali kusini mwa Piauí, na mbwa wakaendelea kuuawa. Baadaye sana ndipo Brazil ilipoanza kuwavisha mbwa ukanda wa shingoni wenye dawa ya kumzuia nzi, na mbwa akabaki hai.

Kwetu, Baringo na Pokot Magharibi nchini Kenya, nzi hujificha kwenye vichuguu na vimelea hutoka kwa binadamu kwenda kwa binadamu. Mgonjwa anayekaa nyumbani bila tiba ndiye anayemwambukiza nzi, na nzi akawaambukiza majirani. Mtoto mwenye homa iliyozidi wiki mbili, wengu umevimba na dawa ya malaria haikumsaidia, apelekwe apimwe kalaazar. Tone la damu ya kidole linatosha kuanzia, na majibu hutoka siku hiyohiyo.