Kilicho Chini ya Taraza

Kiti cha mto, ambacho huku Kalehe na Bukavu, kando ya Ziwa Kivu nchini Kongo, watu hukiita fotei, kina mahali pamoja ambapo fundi hana budi kuficha, napo ni pale kitambaa kinapokutana na mbao. Kwani kitambaa lazima kikatwe, na ukingo uliokatwa hufumuka nyuzi, na ili usifumuke zaidi lazima upigiliwe misumari midogo au pini, na safu hiyo ya vyuma na nyuzi si jambo la kumwonyesha mgeni aliyekaribishwa sebuleni. Basi fundi hutwaa utepe mwembamba uliosukwa, akaupaka gundi kwa nyuma, akaulaza juu ya safu ile kutoka pembe hata pembe, na kazi ikahesabiwa kuwa imetimia. Utepe huo, nami nitauita taraza kwa kuwa kazi yake kitini ni ileile ya taraza katika shingo ya kanzu, haushiki kitu wala hauzuii kitu. Ukibanduliwa leo, kiti hakitaanguka. Shughuli yake yote ni kusitiri. Nami naona kwamba hapo pana suala ambalo wanavyuoni na makasisi wamelishughulikia kwa karne nyingi, ijapokuwa si kwa habari ya makochi: mtu afichaye kwa ustadi, je, ahesabiwe miongoni mwa wenye haya, au miongoni mwa walaghai?

Imepokewa katika mkusanyo wa Imamu Muslim kwamba Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alipita penye fungu la chakula sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata umajimaji. Na mwenye mali alipojitetea kwamba ni mvua iliyolipata, aliulizwa kwa nini basi kilicholowa hakikuwekwa juu watu wakione, kisha akaambiwa kwamba mwenye kughushi hana fungu pamoja naye. Walakini dini iyo hiyo humwita Mwenyezi Mungu kwa sifa ya kusitiri, na humwahidi mja anayesitiri aibu ya mwenziwe kwamba naye atasitiriwa. Wakristo, ambao ndio wengi katika vilima hivi vya ufuko wa Kivu, wanayo katika kitabu cha Mwanzo tafauti kama hiyo, tena baina ya nguo mbili: majani ya mtini ambayo Adamu na mkewe waliyashona wapate kujificha, na mavazi ya ngozi ambayo Mungu mwenyewe aliwafanyia akawavika kabla ya kuwatoa bustanini. Yale ya kwanza yalikuwa hila ya mkosaji. Ya pili yalikuwa huruma ya Yule ambaye tayari alikwisha kujua kila kitu. Mwili uliofunikwa ulikuwa ni ule ule.

Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki, katika sehemu ya kitabu chake Summa inayohusu ulaghai wa biashara, anapitisha mpaka kwa namna ambayo seremala yeyote wa Kadutu, mjini Bukavu, angeifahamu bila kusoma Kilatini: muuzaji hawajibiki kuitangaza ila iliyo wazi, mathalani farasi mwenye jicho moja, maadamu bei imepunguzwa kwa haki, lakini ila iliyofichika, yenye kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima itajwe. Kwa kipimo hiki, misumari iliyo chini ya taraza si ila kabisa, bali ni tabia ya kiti, na hakuna mtu mzima aketiye juu ya fotei akidhani kwamba kitambaa kimeota katika mbao. Lakini hii ni nchi ya mvua nyingi, na vitu huletwa kutoka Bukavu kwa mashua hadi Ihusi au kwa magari yenye kupambana na tope la barabara. Na kiti kilichonyeshewa, ambacho kitambaa chake kimekauka juani ilhali ndani sponji ingali imebeba maji, kikibandikwa taraza mpya ili doa la ukungu lililopanda ukingoni lisionekane, hicho si kiti tena bali ni lile fungu la chakula la sokoni. Utepe ni mmoja, gundi ni moja, na mkono wa fundi ni mmoja. Kilichobadilika ni kile kilicho chini, na nia.

Ama nia haionekani, na hapa ndipo ninapodai kwamba fundi huacha ushahidi wa nia yake mahali ambapo mnunuzi hatazami, yaani katika gundi. Gundi ya kale, iliyochemshwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, hulegea kwa maji ya moto na subira. Gundi nyeupe ya maseremala nayo hukubali kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto yenye siki kidogo. Ile ya vijiti, inayotiwa ikiwa imeyeyushwa, hulainika kwa hewa ya moto ya mashine ya kukaushia nywele. Lakini ile ya mpira, ambayo washona viatu huipenda, mara nyingi haiachii mpaka ipatiwe dawa kali ya kuyeyushia rangi, na dawa hiyo haibagui baina ya gundi na vanishi. Fundi mwenye kutia gundi haba, ya namna inayokubali kurudi, amemfikiria fundi mwingine atakayekuja baada yake kubadili kitambaa. Naye aliyejaza gundi ya mpira mpaka ikafurika juu ya mbao, ama hajui kazi, ama hataki mtu yeyote aone alichokifanya.

Na kubandua kwenyewe kuna adabu yake, ambayo naiona imesahauliwa na wengi wanaojiita wapenda ukweli. Mwisho wa taraza hutafutwa kwanza, na aghalabu umefichwa nyuma ya mguu au chini ya mkono wa kiti. Hunyanyuliwa kwa ncha butu, kisha utepe huvutwa ukirudishwa nyuma juu yake wenyewe, ukiwa karibu umelala, si kwa kuinuliwa wima, na kila unapokaza hupewa joto au unyevu kwa kiasi, kwa maana mvuke ukizidi huacha weupe juu ya vanishi, na moto ukizidi huiunguza. Mara nyingine vimo visumari vidogo vilivyojificha katikati ya msuko, na asiyevitafuta kwanza ataupasua utepe na kuuchubua ubao. Mabaki ya gundi hukwanguliwa kwa kipande cha mti, si kwa kisu. Nimewasikia watu, katika mabaraza ya kupatanisha koo na majirani ambayo nchi hii imeyahitaji mno, wakiyafichua ya wenzao kwa mvuto mmoja na kujisifu kwamba wamesema kweli. Na kweli wameisema, lakini vanishi ya watu wasiohusika imeng'oka pamoja nayo.

Limebaki suala la nani alipe, nalo si dogo. Imamu Nawawi, aliyefariki Shamu mwaka 1277, miaka mitatu tu baada ya Aquinas kufariki Italia, ameandika katika Minhaj, kitabu kitegemewacho na Mashafii wa pwani ambao waungwana wao waliufikisha Uislamu hata Kasongo katika Kongo, kwamba mnunuzi akivunja yai au nazi akakuta ndani pameoza, hukirudisha kitu wala halipi fidia ya kukivunja, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine ya kuijua ila. Wamaliki, wenye madhehebu nyingine ya sheria ya Kiislamu, kwa upande wao hawamruhusu kurudisha kitu ambacho ila yake haijulikani pasipo kukiharibu, nao hutaja waziwazi mdudu aliye ndani ya mti. Lakini taraza si ganda la nazi. Hubanduliwa na kubandikwa tena, na hivyo muuzaji hawezi kudai kwamba yeye pia hakuwa na njia ya kujua. Kwa maoni yangu, fotei iliyooza ndani irudishwe na fedha zirudishwe zote, hata kama utepe umekwisha kutoka. Na mnunuzi aliyeung'oa kwa pupa mpaka ubao ukachubuka, ilhali angaliweza kuulegeza kwa maji ya moto, akatwe katika fedha hizo thamani ya ubao alioutia dosari.