Mwalimu Asiyesahihishwa

Wazee wa Lubumbashi wakimtaja Kenneth Kaunda huanza na kile kitambaa chake cheupe. Si ajabu. Kwa watu waliokaa miaka 32 chini ya Mobutu, mwenye kofia ya chui na fimbo mkononi, rais wa upande wa pili wa mpaka wa Kasumbalesa alionekana mtu wa aina nyingine kabisa: mwana wa walimu, mtu wa kanisa, mpiga gitaa, mwenye kulia mbele ya watu bila haya. Alikaa Ikulu ya Lusaka miaka 27 na akatoka bila mali ya kutisha.

Ndiyo sababu nimechagua kisa chake. Mwizi akianguka tunacheka, maana hatujioni ndani yake. Mtu mwema akianguka habari inatugusa sote, mimi ninayeandika na wewe uliyepewa kuongoza kamati ya wazazi shuleni, kwaya, chama cha kuzikana au nyumba yako mwenyewe. Tena huyu alianguka polepole, akionywa kila hatua. Tuzitazame hatua hizo.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1924 katika misheni ya Lubwa, karibu na Chinsali, kaskazini ya nchi iliyokuja kuitwa Zambia. Baba yake, David, alitoka Nyasaland, Malawi ya leo, kuhubiri na kufundisha. Mama yake, Helen, alikuwa miongoni mwa wanawake Waafrika wa kwanza kufundisha shule katika nchi ile. Baba alifariki Kenneth akiwa na miaka minane. Kijana alisoma Lubwa, kisha Munali huko Lusaka, akarudi Lubwa na kuwa mwalimu mkuu kabla hajafika miaka 22. Baadaye alifundisha Mufulira, mji wa mgodi unaopakana nasi kule Mokambo. Halafu siasa ikamchukua: chama cha ANC cha Harry Nkumbula, jela mwaka 1955, kuvunjika kwa urafiki na Nkumbula mwaka 1958, jela tena mwaka 1959, na hatimaye chama cha UNIP. Tarehe 24 Oktoba 1964 mwalimu wa Lubwa akawa Rais.

Alichokipokea kilikuwa kidogo sana. Nchi nzima ilikuwa na Waafrika takriban 100 tu wenye shahada ya chuo kikuu. Miaka miwili baadaye Chuo Kikuu cha Zambia kilifungua milango, na shule zikaenea hadi vijijini. Makabila zaidi ya 70 yaliishi pamoja bila vita, jambo ambalo sisi wa Katanga tunajua thamani yake. Wapigania uhuru wa Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini walipata kwake makao, na nchi yake ikapigwa mabomu kwa ajili hiyo. Haya ni ya haki kusemwa kwanza. Anayemwita Kaunda dikteta kama madikteta wengine hajaisoma historia.

Lakini dalili zilianza mapema.

Ya kwanza ilionekana hata kabla bendera haijapandishwa. Katikati ya 1964 wafuasi wa Alice Lenshina, nabii wa kanisa la Lumpa aliyetoka huko huko Chinsali, walikataa kununua kadi za chama. Ugomvi wa vijiji ukageuka mapigano, jeshi likatumwa, mamia wakafa. Maelfu ya waumini walikimbilia kwetu, wakakaa miaka mingi upande wa Mokambo. Katika machafuko hayo ilitangazwa hali ya hatari, inayoruhusu mtu kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Machafuko yaliisha. Hali ya hatari haikuondolewa mpaka Kaunda mwenyewe alipoondoka mwaka 1991.

Chukua nafasi ya kulifikiri hilo. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya miezi michache ilidumu utawala mzima, kila mwaka ikipewa sababu mpya: leo Warodesia, kesho makaburu, keshokutwa wasaliti wa ndani. Sababu nyingine zilikuwa za kweli kabisa. Ndivyo tunavyojidanganya hata sisi wadogo. Mweka hazina anaomba afungue sanduku bila shahidi kwa mara hii tu, kwa sababu kuna msiba, na kweli msiba upo. Mwaka unaofuata hakuna anayekumbuka kwamba shahidi alitakiwa.

Dalili ya pili ilikuwa wimbo wa sifa. Mikutanoni watu waliitikia kwa Kibemba, lugha ambayo wengi wetu Lubumbashi tunaisikia bila mkalimani: *Kumulu Lesa, panshi Kaunda*. Juu Mungu, chini Kaunda. Mtu aliyelelewa na mhubiri alipaswa kushtuka kuliko wengine wote. Sokoni na kwenye vituo vya basi, vijana wa chama walikuwa wakiwadai watu kadi za UNIP, na ikasemwa wazi kwamba uanachama unalipa. Unapolipa, hata asiyekupenda atakuja kukupigia makofi, nawe utahesabu makofi yake ndani ya upendo.

Sasa nifike kwa Simon Kapwepwe, maana hapa ndipo ninapoona moyo wa kisa chote. Kapwepwe alikuwa mtoto wa Chinsali kama Kaunda. Walisoma pamoja Lubwa, wakafundisha, wakaingia siasa bega kwa bega. Mwaka 1967 akawa Makamu wa Rais. Hakuwa malaika: alikuwa mkali wa maneno, na wapinzani wake walimshutumu kwa ukabila. Lakini alikuwa mmoja wa watu wachache nchini walioweza kumwambia Kaunda neno gumu kama ndugu. Alilalamika kwamba watu wa kaskazini wanasukumwa pembeni, akaukosoa uendeshaji wa uchumi. Mwaka 1970 umakamu ulimtoka, na Agosti 1971 akaondoka serikalini na kuanzisha chama chake, UPP. Desemba mwaka ule akagombea ubunge Mufulira Magharibi, mji ule ule Kaunda alikofundisha, akashinda. Chama kizima kilipata kiti hicho kimoja tu.

Kiti kimoja. Rais mwenye nguvu angeweza kukiacha bungeni kiseme. Mwalimu huyu alikuwa amesahihisha madaftari ya watoto kwa miaka, akijua kwamba alama nyekundu haimaanishi chuki, lakini daftari lake mwenyewe halikuvumilia hata mstari mmoja. Februari 1972 UPP ikapigwa marufuku, Kapwepwe na wenzake zaidi ya 100 wakawekwa kizuizini. Mwaka haujaisha, sheria ikabadilishwa na Zambia ikawa nchi ya chama kimoja. Nkumbula, bosi wa zamani, alikubali kukunja chama chake na kuingia UNIP mwaka 1973.

Hata hapo mlango haukuwa umefungwa kabisa. Mwaka 1978 Kapwepwe na Nkumbula, wakiwa sasa ndani ya UNIP, walitaka kushindana na Kaunda kwa utaratibu wa chama chenyewe. Kanuni za chama zikabadilishwa, na masharti mapya yakawafungia nje. Kaunda akabaki mgombea pekee. Kapwepwe alikufa Januari 1980, na Nkumbula akamfuata miaka mitatu baadaye. Kuanzia hapo nani angemwambia mzee kwamba amekosea? Waliobaki mezani walikuwa wateule wake.

Na mambo ya kumwambia yalikuwa mengi. Zambia, kama Katanga yetu, iliishi kwa shaba. Zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni zilitoka migodini, na kuanzia 1969 serikali ilichukua asilimia 51 ya migodi hiyo. Shaba ilipoanguka bei katikati ya miaka ya 1970, busara ilikuwa kupunguza matumizi na kuwainua wakulima. Badala yake serikali ilikopa, ikisubiri bei ipande. Haikupanda. Sisi tulioiona Gécamines, kampuni yetu ya migodi, ikinyauka hatuhitaji kusimuliwa zaidi.

Tuuangalie unga, kwani unga unatuhusu. Ili wafanyakazi wa mijini wasilalamike, serikali iliuza unga wa mahindi kwa bei ya chini kuliko gharama yake na kufidia tofauti kutoka hazina. Nia ilikuwa njema: mwalimu hakutaka mtoto alale na njaa. Lakini unga rahisi hauheshimu mpaka. Ulivuka kuja kwetu Zaire kwa njia za porini, na bukari iliyosongwa katika majiko mengi ya upande wetu ilikuwa imelipiwa nusu na hazina ya Lusaka. Kila mchuuzi wa mpakani alilijua hilo. Mwanamke mwenye mfuko kichwani aliuelewa uchumi wa Zambia kuliko baadhi ya mawaziri, au tuseme mawaziri nao waliuelewa lakini walinyamaza.

Desemba 1986, kwa kusukumwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, ruzuku ya unga mweupe iliondolewa ghafla, na bei ikaruka zaidi ya mara mbili. Kitwe, Ndola, Chingola na miji mingine ya Copperbelt ikawaka moto. Watu wasiopungua 15 walikufa, na serikali ikarudisha bei ya zamani. Hii ilikuwa kengele kubwa kuliko zote, na iligongwa na watu wa migodini, wale wale waliomwinua. Mei mwaka uliofuata Kaunda aliachana na Shirika la Fedha, lakini ugonjwa wenyewe haukutibiwa. Deni likafika yapata dola bilioni 7.

Kisha ukaja uchaguzi wa 1988. Mgombea mmoja, ndiyo au hapana. Kaunda alipata ndiyo zaidi ya asilimia 95. Sidhani kwamba kuna namba iliyomdhuru zaidi maishani mwake. Ilimwambia kwamba anapendwa, wakati watu walikuwa wamepanga foleni za mafuta ya kula, sabuni na unga. Hakuwa tena na chombo chochote cha kupima ukweli: gazeti lilikuwa la serikali, bunge la chama, na Frederick Chiluba, mkuu wa vyama vya wafanyakazi, alikwisha kuonja kizuizini mwaka 1981.

Juni 1990 bei ya unga ikapanda tena zaidi ya mara mbili. Ghasia zikazuka, watu zaidi ya 20 wakauawa. Alfajiri ya tarehe 30, siku ambayo sisi huku tunaadhimisha uhuru wetu, luteni mmoja, Mwamba Luchembe, aliingia redioni Lusaka na kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Hakuwa na jeshi nyuma yake, na baada ya saa chache alikamatwa. Lakini katika saa hizo watu walimiminika barabarani wakishangilia. Asilimia 95 zilikuwa wapi asubuhi hiyo?

Kwa heshima yake, hapo ndipo mzee alisikia. Mwezi uliofuata wapinzani waliungana katika vuguvugu la MMD, na Desemba 1990 alitia sahihi sheria iliyorudisha vyama vingi. Tarehe 31 Oktoba 1991 Chiluba alipata karibu asilimia 76 ya kura, Kaunda 24, na UNIP viti 25 kati ya 150. Alikubali, akawaaga wananchi na kumkabidhi Chiluba Ikulu. Sisi wa Lubumbashi tuna haki ya kuona wivu: mwaka 1990 Mobutu naye alitangaza vyama vingi, na wiki tatu hazijapita wanafunzi wa chuo kikuu chetu wakavamiwa usiku katika mabweni yao. Mobutu hakutoka mpaka 1997, kwa bunduki. Na mwalimu mwingine, Julius Nyerere, rafiki wa Kaunda na mwenzake katika chama kimoja, alikuwa ameng'atuka mwenyewe mwaka 1985, bila kusubiri kura ya hasira.

Kaunda alichelewa kwa miaka isiyopungua kumi, na silaha alizoziacha mezani ziliokotwa. Mwaka 1996 katiba ilibadilishwa ili urais ugombewe tu na mtu ambaye wazazi wake wote wawili ni Wazambia. Baba wa taifa, mwana wa Mnyasa, akafungiwa nje kwa sharti jipya kama yeye alivyomfungia Kapwepwe. Siku ya Noeli 1997, chini ya hali ya hatari iliyotangazwa upya, polisi walimkamata na kumpeleka gereza la Kabwe, ambako alikataa kula mpaka Nyerere aliposafiri kumsihi. Aliachiwa mwaka uliofuata. Aliishi mpaka tarehe 17 Juni 2021, akafa na miaka 97, akiwa amerudishiwa heshima yote, na Wazambia walimlilia kwa dhati.

Ndugu msomaji, wengi wetu hatutakuwa marais, lakini karibu kila mmoja wetu anaongoza watu fulani, wakiwa kumi au mia. Kapwepwe wako unamjua. Ni yule aliyekuwa akikupinga kwenye mkutano na ambaye miezi hii hafiki tena, na kikao kimekuwa kitamu bila yeye. Nenda nyumbani kwake wiki hii, ukae, umwache aseme hadi amalize, na usimjibu siku hiyo.