Je, Uovu Hauna Wimbo? Uchangamfu wa Ngoma na Hukumu ya Maadili katika Meru na Embu

Katika Ordo Virtutum, tamthilia ya kimuziki iliyotungwa na mtawa wa Kijerumani Hildegard wa Bingen katikati ya karne ya 12, fadhila huimba; Shetani pekee hunena bila muziki. Maana yake ni bayana: uovu hauna wimbo. Hata hivyo, Zama za Kati zilikuwa pia na nyimbo za ulevi, za mapenzi na za kuwakejeli mapadri. Nyingi zimepotea kwa kuwa kalamu ilikuwa mikononi mwa kanisa. Makala haya yanauliza: je, wimbo waweza kuwa hai na wenye ufundi ilhali tendo unalolitetea ni baya?

Mfano wetu ni Muthirigu. Mwaka 1929, misheni zilipowataka waumini waikane tohara ya wasichana, wimbo huu ulioandamana na uchezaji ulienea kutoka Ugikuyu hadi Embu na Chogoria. Mapema mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliupiga marufuku. Nguvu yake ilikuwa katika fani: waimbaji waliongeza beti mpya kila ulikofika, wakimlenga mmishenari au chifu wa mahali pao. Wimbo uo huo uliolalamikia kunyang'anywa ardhi uliwatusi wasichana wasiotahiriwa. Haki na dhuluma zilitoka katika koo moja.

Wako watakaosema kwamba wimbo kama huo usahauliwe. Lakini marufuku hayaui sababu za watu kuimba. Mwaka 1956 baraza la Njuri Ncheke lilipopiga marufuku tohara ya wasichana katika Meru, wasichana wengi walikaidi na kukatana wenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inayoharamisha ukeketaji ni ya haki, wala hatuitilii shaka. Hata hivyo, anayetaka kujua kwa nini wasichana wale walikaidi hana budi kusikiliza yaliyoimbwa.

Wengine huuokoa muziki kwa kuupeleka jukwaani. Ngoma ndefu za Chuka, zinazobanwa kati ya mapaja, zimeshangiliwa mara nyingi katika sherehe za kitaifa. Shangwe hizo ni stahiki yake, lakini ngoma isiyoulizwa ilipigiwa nani na kwa nini imebaki mdundo tu.

Huenda ikadaiwa kwamba kuufundisha Muthirigu ni kuutukuza. Sivyo. Mhakiki ana wajibu mara mbili: kuusifu ufundi pale ulipo, na kumtaja aliyeumizwa na ufundi huo. Akiuacha wajibu wa kwanza anawapokonya wakulima wa mwaka 1929 akili yao. Akiuacha wa pili anawanyamazisha wasichana mara ya pili. Hildegard alimnyima Shetani muziki. Historia yetu haikuwa na uangalifu huo, na ndiyo sababu uhakiki unahitajika.